Kuta za Boko Hazitatulinda

Ndugu wasomaji, nataka kusema nanyi habari ya kuta. Si kuta za Yeriko wala za Yerusalemu, bali kuta za matofali zilizojaa siku hizi mahali paitwapo Boko, upande wa kaskazini wa Dar es Salaam, kando ya barabara iendayo Bagamoyo, ukiisha kupita Tegeta na kilima cha Wazo palipo na kiwanda cha saruji. Najua ya kwamba wengi wenu mwakaa mbali na huko, katika vijiji ambavyo ua wa nyumba ni wa mabua au wa minyaa. Lakini mtu asiseme, Habari hii hainihusu. Watoto wenu wako Boko. Wengine wamejenga huko, wengine wamepanga chumba, wengine wameajiriwa kulinda malango ya watu usiku. Na wengine, nasema kwa huzuni, ndio warukao kuta hizo.

Neno langu ni moja, nami nalitangulia kulisema ili hata asiye na nafasi ya kusoma yote alipate. Watu wa Boko wamejaribu kununua salama kwa matofali, na salama haikununulika. Salama ya usiku hutoka kwa jirani, na ukuta usio na jirani humficha mwizi kuliko unavyomlinda mwenye nyumba.

Wazee walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii twaitumia kumwonya mvivu, lakini Boko imekuwa kweli kwa macho. Ufa ulikuwapo, nao ni ufa wa watu kukaa pamoja bila kujuana. Hakuna aliyeuziba, na kuta zikajengwa.

Ufa huo ulianzaje? Zamani zisizo za mbali sana Boko ilikuwa shamba, mahali pa minazi, mikorosho na miembe, na wenyeji wachache waliojuana kwa majina ya baba zao. Mwaka 1957 mji mzima wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 128,742 tu. Katika hesabu ya watu ya 2012 mkoa wote ulikuwa na watu 4,364,541. Katika hesabu ya 2022 walikuwa 5,383,728. Basi katika miaka kumi tu waliongezeka zaidi ya milioni moja. Watu hao wote hawakuweza kuenea Kariakoo, Ilala na Magomeni. Wakatoka nje ya mji, huku Mbagala na Chanika, huku Goba, Tegeta, Boko na Bunju. Kila mmoja alikuja peke yake, akanunua kiwanja chake kwa fedha zake, akatafuta fundi wake. Mwingine alitangulia kujenga ukuta kabla ya kupanda jiwe la kwanza la nyumba. Kijijini mtu akihamia hupelekwa kwa mzee wa mahali, akaulizwa ametoka wapi na ni wa ukoo gani, akapewa moto na maji. Boko mgeni huingia kwa gari usiku, lango likafungwa nyuma yake, na mwaka ukapita jirani hajajua jina lake.

Tena si viwanja vyote vilivyojengwa. Kati ya nyumba mbili nzuri utakuta kiwanja kilichoachwa kikawa pori, kwa maana mwenyewe yu mbali akingoja bei ipande. Na hapa na pale pamesimama pagala, yaani nyumba iliyofika kwenye linta ikakwama, fedha zilipokwisha. Mchana pagala ni mahali pa mbuzi kupumzika. Usiku ni mahali pa mtu asiyetaka kuonekana.

Wala wizi wa Boko si hadithi ya kutishia watoto. Ajengaye huamka asubuhi akakuta nondo hazipo na mifuko ya saruji imepungua. Mita ya maji hung'olewa, nyaya hukatwa, taa na vioo vya gari huondolewa. Mwanamke atokaye kazini jioni hunyang'anywa mkoba na watu wawili juu ya pikipiki, ambao mjini huitwa vishandu. Na mara nyingine, jambo lililo baya kuliko yote, huja kundi la vijana wenye mapanga wakavunja mlango watu wamelala. Vijana wa namna hiyo watu wa Dar es Salaam wamewaita Panya Road. Mwezi wa Septemba 2022 waliingia usiku katika nyumba moja huko Kawe, katika wilaya hiyo hiyo ya Kinondoni, wakamwua binti mwanafunzi wa chuo. Mji wote ulitetemeka, na Boko nayo ikatetemeka. Simcheki mtu aogopaye. Aliyekwisha kuumwa na nyoka hushtuka akiguswa na ung'ongo, na wengi wetu tumekwisha kuumwa.

Lakini mtu aogopaye afanye nini? Hapo ndipo ninapogombana na jirani zangu. Wao wamejibu kwa neno moja: ukuta. Ukuta wa kimo cha mtu ulipoonekana hautoshi, wakaongeza mistari mitatu ya matofali. Juu wakasimamisha vipande vya chupa. Vipande vya chupa vilipofunikwa kwa gunia na mwizi mwenye akili, wakatia seng'enge. Na mwenye fedha akatia nyaya za umeme. Lango likawa la bati zito, lisilo na tundu hata la kuchungulia. Basi mtaa mzima umekuwa kama njia ipitayo kati ya maboma mawili. Mtu apitaye jioni haoni dirisha wala uso wa mtu, naye haonwi na yeyote.

Nauliza, mwizi aogopa nini? Haogopi tofali, maana tofali halisemi. Haogopi chupa, maana anayo gunia. Aogopa jicho la mtu amjuaye, au ajuaye ya kwamba yeye hajulikani hapo. Sasa tazameni kazi ya ukuta mrefu. Mwizi akiwa nje, ukuta wamzuia kwa dakika mbili. Akiisha kuruka, ukuta ni wake: aweza kukata nondo za dirisha kwa taratibu, kwa kuwa hakuna apitaye njiani awezaye kumwona. Mwenye nyumba alipiga ukuta ili asionekane, naye kweli haonekani, hata anapochinjwa. Akipiga kelele, jirani aisikia kwa mbali, akajiuliza kama ni redio au ni ugomvi wa mke na mume, kisha akafunga dirisha lake. Kwa nini atoke? Hamjui aliaye. Wala hajui lango lake lafunguliwa vipi.

Baba zetu wa pwani hawakujenga hivyo. Nyumba ya Kiswahili, kama zile zilizojengwa Kariakoo na Magomeni, ilikuwa na baraza mbele, imeelekea njia. Jioni wazee walikaa pale wakicheza bao, akina mama wakikaanga vitumbua karibu nao, watoto wakicheza mbele yao. Kila apitaye alisalimu, na asiyesalimu aliulizwa. Hakuna aliyeliita jambo hilo ulinzi, bali ulikuwa ulinzi, tena wa bure, wa mchana na wa usiku. Na watu wa mbali wameliona hilo pia. Jane Jacobs, mwanamke aliyekaa New York, alitoa kitabu mwaka 1961 juu ya miji mikubwa ya Marekani, akaonyesha ya kwamba amani ya njia za mji hutunzwa kwanza na macho ya watu wakaao na wapitao hapo, kabla haijatunzwa na polisi. Jambo hilo bibi zetu walilijua wakiwa juu ya jamvi barazani. Nasi tumelivunja baraza tukajenga lango la bati, kisha twashangaa kuwa njia imekuwa ya wezi.

Wako Wakristo wanijibuo kwa Maandiko. Husema, Je, Nehemia hakujenga ukuta? Ndiyo, alijenga. Lakini someni tena kitabu chake, msikome katika neno ukuta. Nehemia alijenga ukuta mmoja wa watu wote. Makuhani walifanya kazi, na mafundi wa dhahabu, na wafanya biashara, na baba mmoja pamoja na binti zake, kila jamaa sehemu iliyoielekea nyumba yake. Tena walipangwa zamu, hawa wakijenga na hawa wameshika mikuki, na baragumu ikipigwa wote walipaswa kukimbilia mahali pamoja. Huo ndio ukuta wa Nehemia. Sisi wa Boko tumejenga kuta mia za mtu mmoja mmoja, kila ukuta umemtenga mwenzake, wala hatuna baragumu. Ajiteteaye kwa Nehemia na aanze kwa kumjua mtu wa nyumba ya pili.

Wengine husema, Mimi sitegemei ukuta peke yake, ninaye mlinzi. Haya, na tumtazame huyo mlinzi. Mara nyingi ni kijana wa kijijini kwenu, ndugu msomaji, au Mmasai aliyeacha ng'ombe zake mbali. Hupewa rungu, koti kuukuu na tochi. Mshahara wake haumtoshi, kwa hiyo mchana hubeba zege, na usiku macho yake ni mazito. Amefungiwa ndani ya ukuta ule ule, peke yake, hana wa kumwita. Wakija watu kumi wenye mapanga, wa kwanza kukatwa ni yeye. Tajiri alala nyuma ya milango mitatu ya chuma, na maskini amewekwa mbele ya milango hiyo kuwa wa kwanza kufa. Sisemi ni dhambi kuajiri mlinzi, maana kazi ni kazi. Nasema si haki kumwekea mtu mmoja mzigo wa mtaa mzima, kisha asubuhi ukamfukuza kwa sababu umemlemea.

Na wako wasemao, Ulinzi ni kazi ya serikali, sisi twalipa kodi. Neno hilo lina kweli ndani yake, nami silikatai. Kulinda watu ni kazi ya serikali, na askari alalaye au aombaye rushwa astahili kushtakiwa. Lakini hata askari aliye mwema hufika akiisha kuitwa, na aitaye ni mtu aliyeona. Mtaa usioona hauna la kumwambia askari. Robert Peel alipoanzisha polisi wa mji wa London mwaka 1829, alijenga juu ya jambo hilo: polisi hawawezi kazi yao watu wasipowaunga mkono. Hata hapa kwetu Said Mwema, alipokuwa Mkuu wa Polisi tangu 2006, alileta mpango wa polisi jamii na ulinzi shirikishi, akitaka raia na askari wakae pamoja. Mpango ulikuja, mikutano ikaitwa. Lakini nendeni katika mkutano wa mtaa mtazame nani wameketi. Wenye kuta ndefu hawapo.

Tena sisi ndio tuliokuwa walimu wa wengine katika jambo hili. Katika miaka ya 1960 chama cha TANU kilipanga nyumba kumi kumi, kila kumi na balozi wake aliyejua nani amelala wapi. Mpango ule ulikuwa na makosa yake, maana jicho la balozi liliweza kuwa la jirani mwema, na liliweza kuwa la mpelelezi. Vyama vingi viliporudishwa mwaka 1992, balozi akabaki mtu wa chama kimoja, na wengine wakamwepuka. Lakini hatukuweka kitu mahali pake. Mwaka 2013, baada ya watu wengi kuuawa katika duka kubwa la Westgate mjini Nairobi, serikali ya Kenya ilianzisha mpango wake ikauita Nyumba Kumi, kwa kufuata mfano wa Tanzania. Jirani amekuja kuazima chungu chetu, nasi tumekitupa jalalani.

Basi ufa usipozibwa, watu wasiojuana hufanya nini hofu ikiwajia? Hufanya mambo mawili, na yote mawili ni mabaya.

La kwanza ni kukimbia uvumi. Mwanzo wa Januari 2015 neno lilienea Dar es Salaam jioni moja ya kwamba Panya Road wanakuja. Maduka yalifungwa, watu wakakimbia ovyo, wakajifungia ndani, kila mtaa ukiamini ya kwamba mtaa wa pili umekwisha kuvamiwa. Vijana wabaya walikuwapo kweli, na polisi wakakamata watu wengi siku zilizofuata. Lakini vijana wale hawakuweza kuwa mahali pote kwa saa moja, uvumi uliweza. Watu wajuanao huulizana, Umeona kwa macho yako? Watu wasiojuana huuza na kununua hofu bila kupima mizani.

La pili ni baya zaidi, nami naomba mlisome polepole. Ni kuua. Mtu mmoja apiga kelele, Mwizi! Milango iliyokuwa imefungwa yote hufunguliwa mara moja. Wale wasiotoka kumsaidia jirani aliaye, hutoka sasa na mawe, na tairi, na petroli. Aliyekamatwa haulizwi jina. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kitoacho taarifa yake kila mwaka, kimehesabu mamia ya watu waliouawa hivi nchini katika mwaka mmoja. Mamia, ndugu zangu. Katiba yetu, Ibara ya 14, yampa kila mtu haki ya kuishi. Na Ibara ya 13 yakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla kosa lake halijathibitika. Sheria yamruhusu raia kumkamata mwizi na kumpeleka kituoni bila kukawia. Haimruhusu kumchoma. Amchomaye mwizi si mlinzi wa mtaa. Ni mwuaji, na petroli aliyoileta ni ushahidi.

Wazazi mlioko shamba, hapo ndipo habari hii inapoingia nyumbani kwenu. Fikirini kijana wenu amefika Dar es Salaam kwa basi lililochelewa. Amepewa maelekezo kwa simu: shuka Boko Magengeni, fuata njia ya kushoto, lango la tatu. Simu imezima. Malango yote ni ya bati, yote yafanana, hakuna wa kuuliza. Agonga lango lisilo lake saa sita ya usiku. Kijijini angegonga mlango wowote akaulizwa, Wewe mtoto wa nani? Boko mtu wa ndani, mwenye hofu, asiyemjua hata jirani wa ukuta mmoja, aweza kupiga kelele ile ya neno moja. Mwizi kweli amekwisha kwenda zake, maana yeye ajua njia. Hupatikana mgeni. Basi ukuta haumfichi mwizi tu, bali wamfanya kila mgeni kuwa mwizi.

Mtu atasema, Wezi wakiuawa wizi hukoma. Je, umekoma? Siku chache baada ya mauaji ya Kawe ya 2022, polisi walitangaza ya kwamba watuhumiwa 6 wameuawa, na wengi walishangilia. Naelewa uchungu wao. Lakini wafu hawatoi ushahidi. Aliyekufa hatamwambia hakimu ni nani aliyemtuma, wala ni nani aliyenunua simu na televisheni alizozibeba. Na huyo mnunuzi ndiye mzizi. Tukikata majani na kuuacha mzizi, mvua ya kwanza huchipuza tena.

Na mnunuzi huyo ni nani? Tusimtafute mbali. Ni mtu aonaye simu ya bei kubwa ikiuzwa kwa bei ya kuku, asiulize. Ni fundi aletewaye nondo usiku bila hati. Ni mwenye gari aliyeibiwa kioo, kisha akaenda kununua kioo kingine kwa bei nafuu, huku akijua kimetoka katika gari la mwenziwe. Sheria ya nchi humwadhibu apokeaye mali ya wizi akijua ni ya wizi. Lakini hata kabla ya sheria, Mkristo ajua. Hawezi Jumapili kuomba alindwe na wezi, na Jumatatu akawa mteja wao.

Tena mwizi mwenyewe ametoka wapi? Wengi ni vijana waliozaliwa huku huku, waliomaliza shule bila kazi, wakashinda kijiweni wasiulizwe neno na mtu mzima. Wengine wamefungwa na heroini, nao huiba ili wapate ya leo. Hao nao hawakukosa dawa: mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kuwapa methadoni, na baadaye Mwananyamala, na wengi wamerudi kwa watu wao. Lakini ni nani amchukuaye kijana mpaka huko? Ni mtu amjuaye. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Na mtaa usiomwonya mtoto wa jirani utakutana naye juu ya ukuta.

Sasa nijibu neno la mwisho la wapinzani wangu, nalo ndilo lenye nguvu. Wasema, Twajua ulinzi wa zamu. Huanza vizuri, kisha hugeuka genge. Huchangisha fedha zisizoonekana tena, huwapiga watu njiani, humtoza mpenzi na mlevi. Kweli tupu. Kumbukeni sungusungu. Mwanzo wa miaka ya 1980, katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, vijiji vilichoka na wezi wa ng'ombe na wanyang'anyi wenye silaha. Watu wakajipanga, yowe likipigwa wote wakatoka na pinde, na wizi ukapungua sana. Mwaka 1989 sheria iliwatambua, na mwanzo wa miaka ya 1990, Augustine Mrema alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, zamu za sungusungu zilionekana hata mitaani Dar es Salaam. Lakini penginepo sungusungu walijifanya hakimu. Walipiga watu, waliwatesa wazee wa kike kwa kuwadhania uchawi, walikula faini. Basi twajifunza nini? Si kwamba watu wasilindane, bali kwamba mlinzi asiwe hakimu. Mwenye filimbi asishike fimbo ya hukumu. Kazi yake ni kuona, kuita, kukamata na kupeleka kituoni. Akizidisha hapo, naye akamatwe.

Kwa hiyo nashauri mambo haya, wala hakuna hata moja lihitajilo fedha nyingi. Kwanza, kila njia ya Boko, nyumba kumi au ishirini, wakutane siku moja katika juma hili chini ya mwembe uliobaki, kila mtu ataje jina lake, alikotoka, na namba ya simu. Wapangaji, walinzi na watumishi wa nyumbani nao wawemo, maana ndio wakeshao. Pili, wapange zamu za usiku pamoja na mwenyekiti wa mtaa na polisi wa kata, tajiri na maskini kwa zamu moja. Asiyeweza kwa ugonjwa au uzee atoe chai. Tatu, fedha yote iandikwe katika daftari lisomwalo mbele ya watu kila mwezi, na daftari lisiposomwa mchango usitolewe. Nne, wenye mapagala na viwanja vya pori waandikiwe barua, wafyeke au mtaa ufyeke kwa gharama zao. Tano, taa moja iwekwe nje ya kila lango, imulike njia na si ua tu. Na ajengaye ukuta mpya aache sehemu ya juu wazi kwa nondo, ili jirani aone ndani na yeye aone nje.

Kanisa nalo lina kazi. Wakatoliki wanazo jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika ya Mashariki walizikazania katika miaka ya 1970, na Walutheri wanazo za kwao, zote hupangwa kwa ujirani. Husali nyumba kwa nyumba. Hapo lango la bati hufunguka, walau mara moja katika juma. Lakini lisifunguke kwa Wakristo tu. Mwizi haulizi dini, na Mwislamu wa nyumba ya pili husikia kelele yako mapema kuliko ndugu yako wa kanisa aliye Tegeta. Msamaria wa mfano ule hakuwa wa dini moja na aliyeanguka kati ya wanyang'anyi. Tena angalieni, habari ile ni habari ya wizi wa barabarani, na Bwana alipoulizwa jirani ni nani, hakutaja ukuta wa mtu.

Najua baada ya kusoma haya wako watakaosema, Mwalimu ni mwenye maneno, lakini nyumba yangu sitaiacha wazi. Sikuwaambia muiache wazi. Fungeni milango, tieni komeo. Mimi nagombana na tumaini lenu, si na komeo lenu. Kaini alipoulizwa habari ya ndugu yake, alijibu kwa kuuliza kama yeye ni mlinzi wake. Kila ukuta wa Boko uliojengwa bila kumjua jirani warudia swali hilo kwa saruji. Jibu lake twalijua tangu utotoni, wala halikubadilika kwa sababu tumehamia mjini.

Nanyi wazazi wa shamba, mkiwaandikia watoto wenu walioko huko, msiwaulize tu kama nyumba imekwisha kuezekwa. Waulizeni jina la mtu wa nyumba ya kulia, na jina la mtu wa nyumba ya kushoto. Wakishindwa kujibu, jueni ya kwamba nyumba yao haijakwisha.